San Marco ya Ngomeni: Kituo Kilichopima Hewa ya Juu

Ukitoka Malindi kwa barabara ya kwenda Garsen, ukapita Mambrui na kufika Gongoni penye viwanda vya chumvi, njia ya Ngomeni inakata kulia kuelekea baharini. Huko ndiko kilipo kituo ambacho wenyeji wamezoea kukiita San Marco, ingawa kwenye karatasi za serikali sasa kina jina jingine. Ndani ya Ghuba ya Ungwana, kiasi cha kilomita tano kutoka ufukweni, majukwaa yake ya chuma yamesimama kwa miguu juu ya sakafu ya bahari. Hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka hapo tangu mwaka 1988. Lakini tarehe 26 Aprili 1967 iliruka kutoka jukwaa mojawapo setilaiti ya kwanza duniani kupelekwa angani kutoka baharini. Aprili 2027 ni miaka 60 kamili.

Wengi wanaolijua jina la San Marco wanalijua kwa sababu ya setilaiti ya Uhuru iliyochunguza miale ya nyota, na Uhuru inastahili sifa zake zote. Hata hivyo kituo hiki hakikujengwa kwa ajili ya nyota. Kilijengwa ili kujibu swali lililoonekana dogo: kule juu setilaiti zinakozunguka, kuna hewa kiasi gani? Kila kilichofuata kilianzia kwenye swali hilo, na kila uongozi ulipobadilika swali lenyewe lilipanda au kushuka thamani. Kwa hiyo historia ya San Marco ni historia ya watu waliokishika kituo, wakakiachia, kikashikwa na wengine.

Wa kwanza alikuwa Luigi Broglio. Alizaliwa Mestre, jirani na Venice, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, ofisa wa Jeshi la Anga la Italia aliyepanda hadi cheo cha jenerali, na profesa aliyeiongoza shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. Ni nadra mtu mmoja kuwa na nyadhifa hizo zote, na bila hizo zote San Marco isingekuwapo. Jeshi lilimpa uwanja wa kurushia roketi na watu waliozoea amri. Chuo kikuu kilimpa wanafunzi na hoja ya kisayansi iliyoweza kutetewa mbele ya mawaziri. Huko Salto di Quirra, kisiwani Sardinia, kundi lake lilianza mwaka 1961 kurusha roketi ndogo zilizomwaga mvuke wa sodiamu juu kabisa angani. Mvuke huo uling'aa rangi ya chungwa, upepo wa huko juu ukausukuma na kuukunja, na waliokuwa chini wakaupiga picha ili kukokotoa mwendo wa upepo huo.

Hayo hayakumtosha. Kwenye kilomita 200 au 300 hewa ni nyembamba mno, lakini setilaiti hupita humo kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde, na kwa mwendo huo hata hewa nyembamba inakuwa breki. Jua likichachamaa, tabaka hilo la hewa hupata joto na kuvimba, na breki inakaza. Wakati ule wanasayansi walikadiria uzito wa hewa hiyo kwa kuangalia jinsi mizunguko ya setilaiti ilivyokuwa ikishuka, yaani walipata wastani wa muda mrefu bila kujua kilichotokea kila hatua ya njia. Broglio alitaka kuipima moja kwa moja, papo kwa papo, tena kwenye ikweta, ambako Jua huchoma kutoka juu ya kichwa na uga wa sumaku wa dunia umelala karibu sambamba na ardhi.

Kifaa alichobuni kilikuwa ni setilaiti yenyewe. Setilaiti hiyo, iliyoitwa pia San Marco, ilikuwa tufe la upana wa sentimita 66, lenye gamba jepesi la nje na mwili mzito wa ndani, kama yai na kiini chake, vikiwa vimeunganishwa kwa mikono inayonepa. Hewa ilipolisukuma gamba, gamba lilisogea kidogo mno huku mwili mzito ukiendelea na njia yake. Vipimo vilisoma msogeo huo katika pande tatu, na kutokana nao ikajulikana nguvu ya hewa, na kutokana na nguvu hiyo ukajulikana uzito wa hewa mahali pale na dakika ile. Kifaa hicho kinaitwa mizani ya Broglio mpaka leo. Ukikichora kwenye karatasi mtoto wa sekondari atakielewa, na kwangu hiyo ndiyo alama ya kazi ya mhandisi wa kweli.

Siasa ilikwenda haraka kuliko ilivyo kawaida ya siasa. Waziri Mkuu Amintore Fanfani aliridhia mpango huo mwaka 1961, na mwaka uliofuata Italia na NASA wakaandikiana makubaliano, yakathibitishwa Roma mwezi Septemba 1962 na Makamu wa Rais wa Marekani Lyndon Johnson pamoja na Waziri wa Mambo ya Nje wa Italia Attilio Piccioni. Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout na mafunzo. Waitaliano wangetoa setilaiti, majukwaa na watu wa kurusha. Tarehe 15 Desemba 1964 San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops Island, Virginia, na walioirusha walikuwa kikosi cha Waitaliano. Ilikuwa mtihani wa wanafunzi mbele ya walimu wao, nao wakaufaulu.

Kwa nini Malindi, na kwa nini baharini? Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bure. Zaidi ya hapo, setilaiti inayotakiwa izunguke juu ya ikweta tu ni bora irushwe kutoka karibu na ikweta, la sivyo mafuta mengi yataliwa na kazi ya kuipindisha njia. Ghuba ya Ungwana iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, maji yake hayana kina kirefu, na upande wa mashariki kuna Bahari ya Hindi tupu, hivyo vipande vya roketi vinavyodondoka havimdhuru mtu.

Majukwaa yenyewe yalitafutwa kwa akili ya mtu asiye na fedha nyingi. Moja, lililoitwa Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta la kampuni ya ENI, kampuni iliyojengwa na Enrico Mattei. Jingine, San Marco, lilitoka kwenye akiba ya jeshi la Marekani, likageuzwa kuwa uwanja wa kurushia. Yalikokotwa kwa meli hadi pwani ya Kenya. Mwezi Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru wake, roketi ndogo za kwanza ziliruka kutoka Santa Rita. Nchi changa isiyokuwa bado na chuo kikuu chake kamili ilijikuta mwenyeji wa kazi ambayo mataifa machache mno duniani yaliiweza.

Utaratibu wa kurusha ulikuwa huu. Scout ilikuwa na urefu wa kiasi cha mita 22, ngazi nne, zote za mafuta makavu. Iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda refu lenye ubaridi juu ya jukwaa la San Marco, kwa sababu joto na chumvi ya bahari si rafiki wa fataki ya namna hiyo. Ikishasimamishwa na kukaguliwa, watu wote waliondoka jukwaani na kuhamia Santa Rita, kiasi cha nusu kilomita pembeni, na kutoka huko amri zilikwenda kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji. Ndivyo ilivyokwenda tarehe 26 Aprili 1967. San Marco 2 iliingia kwenye mzunguko wake na kupima hewa ya ikweta mpaka Oktoba mwaka uleule, ilipoanguka kwa breki ya hewa ileile iliyokuwa ikiipima.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, mchana saa nane kasoro dakika chache, iliruka setilaiti ya NASA ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti huko kwao, na ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya wenyeji wake. Ramani iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba baadhi yake ni nyota zilizokufa zinazonyonya nyota jirani, na ikawapa wanasayansi sababu nzito za kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, Mwitaliano wa Genoa aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru, Novemba 1971, ilirushwa setilaiti ambayo haisemwi sana: Explorer 45. Hiyo ilitumwa kuchunguza chembe zenye umeme zinazoizunguka dunia kama mkanda wakati wa dhoruba za sumaku, dhoruba zinazoanzia kwenye Jua na kufika kwetu baada ya siku moja au mbili. Kwa maoni yangu Explorer 45 na familia ya San Marco ndio moyo wa taasisi hii. San Marco 3 ya Aprili 1971 na San Marco 4 ya Februari 1974 zilibeba mizani ya Broglio pamoja na vifaa vya Wamarekani vya kubainisha ni gesi gani zimo katika hewa ya juu na zina joto gani. Kwa mara ya kwanza uzito wa hewa, aina ya gesi na joto lake vilisomwa pamoja juu ya ikweta. Ukijumlisha na setilaiti nyingine mbili za Marekani na moja ya Uingereza, Ariel 5, kati ya 1967 na 1988 Scout tisa zilirushwa kutoka Ungwana zikiwa na setilaiti. Zote tisa zilifika. Sijui vituo vingi vya ukubwa huo vinavyoweza kusema hivyo.

Baada ya 1975 kukawa na ukimya mrefu. Fedha za Italia zilielekea kwenye miradi mikubwa ya Ulaya, na roketi za Broglio zilikuwa chache. Alishikilia setilaiti moja ya mwisho, San Marco 5, akaipata tarehe 25 Machi 1988. Safari hii mizani yake ilisindikizwa na vifaa vya Wajerumani na Wamarekani vilivyopima mwanga wa Jua, upepo, joto na umeme wa tabaka za juu kwa wakati mmoja, ili ionekane jinsi Jua linavyopitisha nguvu yake hadi kwenye hewa ya ikweta. Ilianguka Desemba mwaka huohuo. Ilikuwa setilaiti bora kuliko zote alizotengeneza na ndiyo iliyofunga mlango.

Mwaka huohuo wa 1988 Italia iliunda Shirika lake la Anga, ASI. Mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, Carlo Buongiorno, alikuwa mwanafunzi na msaidizi wa Broglio tangu siku za Sardinia. Mtu angedhani kwamba mwalimu na mwanafunzi wangeirithisha San Marco kwa shirika jipya bila taabu. Haikuwa hivyo. Kituo kilibaki mikononi mwa La Sapienza, fedha zikawa za shirika, na mpango wa Broglio wa kuikuza Scout iwe roketi yenye nguvu zaidi, irushwe kutoka Malindi, haukupata mfadhili wa kudumu. Scout yenyewe ilistaafu mwaka 1994. Wazo la roketi ndogo ya Kiitaliano halikufa: Vega iliruka Februari 2012, lakini iliruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Broglio hakuiona. Alifariki Roma Januari 2001.

Hapa pana jambo la kusemwa waziwazi. San Marco ilijengwa upesi kwa sababu ilikuwa ya mtu mmoja, na ilidhoofika kwa sababu hiyohiyo. Alijua ampigie nani simu, alijua kila boliti ya setilaiti yake, na waliokuwa chini yake walimtii kama baba. Lakini hakuacha kiti ambacho mwingine angeweza kukikalia. Taasisi ya utafiti inahitaji mwanzilishi mwenye nguvu, kisha inahitaji siku ambayo kazi inaendelea bila kumuuliza, na kwa San Marco siku hiyo ilichelewa.

Ilifika mwaka 2004. Chuo kikuu kilikabidhi usimamizi kwa ASI, na kituo kikapewa jina la Luigi Broglio. Uongozi mpya haukujaribu kufufua roketi. Uliangalia kilichobaki chenye thamani, ukaona kwamba thamani iko nchi kavu: antena. Kazi ya kurusha ikawa kazi ya kusikiliza. Novemba mwaka huo ilirushwa setilaiti ya Swift, inayowinda milipuko ya miale ya gama, na data zake zikawa zinashushwa Malindi. Ikaja AGILE ya Waitaliano mwaka 2007, NuSTAR ya Wamarekani mwaka 2012, na IXPE ya ushirikiano wa NASA na ASI Desemba 2021.

Si bahati kwamba darubini hizi zimetegemea pwani ya Kenya. Juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini kuna mahali ambapo ukanda wa mionzi unaoizunguka dunia unashuka chini, na darubini inayopita hapo inajaa kelele za chembe kiasi cha kutoona kitu. Inayozunguka karibu na ikweta hupakwepa au hugusa ukingo wake tu. Ndiyo maana Uhuru ilizunguka kwenye ikweta, na ndiyo maana AGILE, NuSTAR na IXPE zilifuata njia hiyohiyo. Setilaiti ya namna hiyo hupita juu ya Malindi kila baada ya dakika 100 na ushei, usiku na mchana. Antena inageuka, inaifuata kwa dakika chache inapokuwa juu ya upeo, inashusha data, halafu inasubiri inayofuata.

Hayo ni maendeleo ya kweli na nayaheshimu. Ila swali la Broglio lilikaa kando, mpaka lilipojirudisha lenyewe. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti. Dhoruba ya sumaku, wala si kubwa sana, ikapasha joto hewa ya juu, hewa ikavimba, breki ikakaza, na karibu 40 kati yake zikaanguka na kuungua kabla ya kufika mahali pake. Hasara hiyo yote ilitokana na kile ambacho tufe la sentimita 66 lilikuwa likikipima juu ya Ungwana miaka 55 kabla. Leo maelfu ya setilaiti yanazunguka, na kila mwenye setilaiti anataka kujua kesho hewa ya kilomita 300 itakuwa nzito kiasi gani. Kwa watu wa ikweta kuna zaidi ya hilo: baada ya magharibi tabaka la umeme la angani hupasuka na kuwa na mapengo, na ishara za GPS zinayumba kwa ndege, kwa meli na kwa wapima ardhi. Usumbufu huo ni wetu, na anayestahili kuuchunguza kwanza ni sisi.

Ndipo tunapofika kwenye kukabidhiana kunakoendelea sasa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Wakenya wameuliza kwa haki mwenyeji amepona kiasi gani. Kwa miongo mingi Wakenya wa San Marco walikuwa mabaharia, mafundi, wapishi, walinzi na waendeshaji wa mitambo. Majina yao hayaonekani kwenye makala za kisayansi. Makubaliano yaliyosainiwa Trento tarehe 24 Oktoba 2016 yalikusudia kubadili hali hiyo. Yaliahidi mafunzo, data kwa watafiti wa Kenya, kituo cha kanda cha uchunguzi wa dunia kwa setilaiti, na msaada kwa shirika la anga la taifa. Shirika hilo, Kenya Space Agency, liliundwa Machi 2017.

Matunda ya kwanza yameonekana. Mwezi Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na La Sapienza, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, setilaiti ya kupiga picha za ardhi. Wahandisi wapo, na wanazidi kuongezeka kila mwaka. Kinachokosekana ni sayansi ile ya mwanzo: mpango wa kudumu wa kuchunguza mazingira ya anga ya ikweta, wenye makao Ngomeni, wenye mkurugenzi Mkenya, wenye fedha zilizopangwa na si za kuomba. Antena zipo. Data za setilaiti za San Marco zipo kwenye hifadhi za Italia na Marekani, na zinaweza kusomwa upya kwa kompyuta ambazo Broglio hakuwahi kuziota. Vyuo vya Nairobi, Kilifi na Mombasa vina wanafunzi wa fizikia wanaotafuta mada za shahada za uzamili huku mada kubwa ikiwa imesimama baharini mbele yao.

Kwa hiyo maombi yangu kwa Kenya Space Agency na ASI ni mawili. La kwanza, kiti cha kuongoza utafiti huo kitangazwe na kijazwe na Mkenya kabla ya Aprili 2027. La pili ni la haraka zaidi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 akivusha mashua kwenda Santa Rita siku ya San Marco 2 amezaliwa mwaka 1947. Wazee hao, wa Ngomeni, Gongoni, Mambrui na Malindi, watafutwe na wahojiwe sasa, majina yao yaandikwe, na kama nawe msomaji una baba au babu aliyefanya kazi kule, chukua simu yako leo umrekodi.